Gari la Umeme: Nafuu ya Ushuru Iko Wapi, na Humfikia Nani?

Nakala ya mada iliyosomwa katika baraza la elimu kwa umma kuhusu usafiri wa umeme. Imechapishwa kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kuhudhuria.



Swali moja hurudi kila mara magari ya umeme yanapotajwa barazani: fomu ya kuomba pesa za serikali za kununulia gari la umeme hupatikana ofisi gani? Jibu ni fupi. Fomu hiyo haipo. Serikali ya Kitaifa haimpi mnunuzi hundi, wala haimrejeshei pesa mkononi baada ya kununua. Serikali ya kaunti nayo haina mfuko wa namna hiyo. Nafuu iliyopo nchini Kenya ni ya aina nyingine: ni ushuru uliopunguzwa au kuondolewa kabla bidhaa haijamfikia mnunuzi. Nafuu hiyo haishikiki, kwa sababu imo ndani ya bei. Na kwa kuwa haishikiki, mnunuzi anaweza kuikosa bila kujua, au kuahidiwa nafuu ambayo haipo.

Jambo hili si dogo. Kwa familia nyingi, baada ya nyumba na karo, gari ndilo deni kubwa kuliko yote. Mwalimu huchukua mkopo wa SACCO wa miaka mitano. Kijana wa bodaboda huweka rehani kipande cha shamba la mzazi wake. Mtu akikosea hesabu siku ya kununua, kosa hilo hulipwa kila mwezi hadi mkopo uishe. Ndiyo maana mada hii inaeleza kodi moja baada ya nyingine, kwa shilingi, ili kila mkazi aweze kujipigia hesabu yake mwenyewe.

RUZUKU NA MSAMAHA WA USHURU NI VITU VIWILI

Habari za ruzuku ya magari ya umeme zimetoka nchi za nje, na zimeenea kwa simu hadi vijijini. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 2022 ilimruhusu mnunuzi wa gari jipya la umeme lililotimiza masharti kupunguziwa kodi hadi dola 7,500. Mpango huo ulifutwa na sheria iliyotiwa saini Julai 2025, na ukakoma tarehe 30 Septemba 2025. Ujerumani ilisitisha ruzuku yake Desemba 2023, tena kwa ghafla. Uingereza ilifunga mpango wake wa magari madogo Juni 2022, kisha ikaanzisha mwingine Julai 2025 wenye kikomo cha pauni 3,750 kwa gari.

Nchi nyingine zimetumia njia ya ushuru. Norway ilianza kuondoa ushuru wa ununuzi wa magari haya tangu mwaka 1990, na VAT tangu 2001, hadi magari ya umeme yakawa ndiyo mengi katika mauzo ya magari mapya. Hapa jirani, Rwanda iliamua mwaka 2021 kuyaondolea magari ya umeme VAT, ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa. Ethiopia ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2024 ilipiga marufuku kuingizwa kwa magari ya kibinafsi ya petroli na dizeli.

Mifano hiyo ina funzo moja kwa mnunuzi wa Kenya. Nafuu ya serikali huwekwa kwa sheria, na kwa sheria hiyo hiyo huondolewa. Anayepanga kununua mwakani kwa kutegemea nafuu ya mwaka huu anajenga juu ya mchanga. Hesabu ya kuaminika ni ya sheria inayotumika siku gari linapoingia bandarini.

KODI TANO ZINAZOLIPWA MOMBASA

Gari linaloagizwa kutoka nje, liwe jipya au lililotumika, hutozwa vitu vitano kabla ya kutoka bandarini.

Cha kwanza ni ushuru wa forodha. Viwango vyake hupangwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na vina ngazi nne: asilimia 0, 10, 25 na, tangu Julai 2022, asilimia 35. Nchi mwanachama inaweza kuruhusiwa kutumia kiwango tofauti kwa muda, kwa kawaida mwaka mmoja. Kwa hiyo kiwango cha gari lolote huthibitishwa kwa Mamlaka ya Ushuru nchini, KRA, katika mwaka huo huo wa kuagiza.

Cha pili ni ushuru wa bidhaa. Hapa ndipo nafuu ya gari la umeme ilipo. Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 ilishusha ushuru huu kutoka asilimia 20 hadi asilimia 10 kwa magari yanayotumia umeme pekee. Maneno "umeme pekee" yana uzito. Gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme kwa pamoja, lile ambalo wengi huliita haibridi, halimo katika nafuu hiyo. Muuzaji akisema haibridi ni "gari la umeme" na kwamba ushuru wake ni nusu, anapotosha.

Cha tatu ni VAT ya asilimia 16. Cha nne ni ada ya tamko la uagizaji, IDF, ambayo Sheria ya Fedha ya 2023 iliishusha kutoka asilimia 3.5 hadi 2.5. Cha tano ni tozo ya reli, RDL, iliyoshushwa hadi asilimia 1.5 mwaka 2023, kisha ikarudishwa kuwa asilimia 2 Desemba 2024.

Kodi hizi hazihesabiwi kila moja peke yake. Hupandana kama matofali. Ushuru wa bidhaa hutozwa juu ya thamani ya gari pamoja na ushuru wa forodha. VAT nayo hutozwa juu ya jumla ya vyote vitatu. Ni IDF na RDL tu zinazohesabiwa kwa thamani ya gari pekee.

Uchukuliwe mfano wa gari la umeme ambalo thamani yake ya forodha ni Sh1,000,000, na kiwango cha forodha kiwe asilimia 25. Ushuru wa forodha ni Sh250,000. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 hutozwa juu ya Sh1,250,000, nao ni Sh125,000. VAT hutozwa juu ya Sh1,375,000, nayo ni Sh220,000. IDF ni Sh25,000 na RDL ni Sh20,000. Jumla ya kodi ni Sh640,000.

Gari la petroli la thamani hiyo hiyo, likitozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 20, hulipa Sh250,000 za forodha, Sh250,000 za ushuru wa bidhaa, Sh240,000 za VAT, na Sh45,000 za IDF na RDL. Jumla ni Sh785,000.

Tofauti ni Sh145,000 kwa kila milioni moja ya thamani. Hiyo ndiyo nafuu yenyewe, iliyopimwa kwa shilingi. Ni pesa nyingi, lakini haitoshi kuifanya bei ya gari la umeme ishuke chini ya ile ya gari la petroli endapo gari lenyewe lilinunuliwa ghali huko lilikotoka. Na kiwango cha forodha kikiwa asilimia 35 badala ya 25, kodi ya lile gari la umeme hufika Sh767,600. Yaani ongezeko la forodha pekee hula karibu nafuu yote ya ushuru wa bidhaa. Ndiyo sababu mnunuzi hapaswi kuuliza kuhusu kodi moja na kusahau nyingine nne.

THAMANI YA KRA NA BEI YA MNUNUZI

Wanunuzi wengi wa magari yaliyotumika hushtuka kwenye hatua hii. Mtu hununua gari kwenye mnada wa Japani kwa bei nzuri, akapiga hesabu ya kodi kwa bei hiyo, kisha akaambiwa bandarini alipe zaidi ya alivyotarajia. Hakuna aliyemwibia. Kwa magari yaliyotumika, KRA haianzi na bei ya risiti. Huanza na orodha ya bei za rejareja za magari mapya, inayojulikana kwa kifupi kama CRSP, kisha hupunguza kulingana na umri wa gari. Thamani inayopatikana ndiyo hutozwa kodi.

Magari ya umeme yanaathirika zaidi na utaratibu huu kwa sababu bei zake zikiwa mapya huwa juu, ilhali yakishatumika hushuka bei haraka sokoni kutokana na betri kuchoka. Gari linaweza kuwa rahisi mnadani na ghali bandarini. Kwa hiyo kabla ya kutuma pesa nje ya nchi, mnunuzi aangalie jina kamili la gari, mwaka wake na toleo lake katika orodha ya KRA, au amtake wakala wa forodha mwenye leseni ampe makadirio kwa maandishi.

Masharti mengine hayabadiliki kwa sababu gari ni la umeme. Halipaswi kuzidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, usukani wake uwe upande wa kulia, na liwe na cheti cha ukaguzi uliofanywa kabla ya kusafirishwa. Sharti la miaka minane lina maana ya pekee hapa. Watengenezaji wengi hutoa dhamana ya betri ya miaka minane au kilomita 160,000, lolote litakalotangulia. Gari lililotumika miaka saba huko nje linafika Kenya dhamana hiyo ikiwa ukingoni, na mara nyingi haiheshimiwi nje ya nchi lilikouzwa. Nafuu ya Sh145,000 hainunui betri mpya.

PIKIPIKI NA MABASI YAMEPEWA NINI?

Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliweka baiskeli za umeme, pikipiki za umeme, mabasi ya umeme, na betri za sola na za lithiamu katika kiwango cha sifuri cha VAT. Gari dogo la familia halikuwekwa katika orodha hiyo. Hilo linaonyesha mkondo wa sera: chombo kinachobeba abiria wengi, au kinachompatia kijana riziki ya kila siku, kimepewa nafuu kubwa kuliko gari la mtu binafsi.

Kuna neno la kisheria linalofaa kueleweka hapa, kwa sababu linagusa bei. Bidhaa ya "kiwango cha sifuri" na bidhaa "iliyosamehewa" zote huuzwa bila VAT kwenye risiti. Tofauti iko nyuma ya pazia. Muuzaji wa bidhaa ya kiwango cha sifuri huruhusiwa kudai kutoka KRA ile VAT aliyolipa kwenye vipuri, kodi ya pango na huduma nyingine. Muuzaji wa bidhaa iliyosamehewa haruhusiwi. VAT hiyo humbakia, naye huiongeza kwenye bei. Bidhaa ikihamishwa kutoka kundi la kwanza hadi la pili, risiti haitaonyesha kodi mpya, lakini bei inaweza kupanda.

Nafuu hii nayo imewahi kutikiswa. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza kuiondoa kwa vyombo vya umeme na betri. Mswada huo haukuwa sheria: Rais alikataa kuutia saini tarehe 26 Juni 2024, siku moja baada ya maandamano makubwa. Mwanabodaboda aliyekuwa akipanga kununua pikipiki mwezi huo alikaa wiki nzima bila kujua bei itakuwa ipi.

Kwa pikipiki kuna jambo lingine la kutazama kuliko hata ushuru: betri ni ya nani? Kampuni nyingi huuza pikipiki bila betri, na mwendeshaji hubadilisha betri iliyokwisha kwa iliyojaa kwenye kituo, akilipia kila mara. Mpango huo hupunguza bei ya kuanzia, na humwondolea mwenye pikipiki hofu ya betri kuzeeka. Lakini humfunga kwa kampuni moja. Kampuni ikipandisha bei ya kubadilisha betri, au ikifunga kituo cha mtaa, pikipiki hubaki imesimama na mkopo unaendelea. Kabla ya kutia saini, kikundi cha wanabodaboda kisome mkataba kwa pamoja na kiulize: bei ya kubadilisha betri inaweza kupandishwa kwa notisi ya siku ngapi? Vituo viko vingapi katika njia wanayoifanyia kazi? Kampuni ikiondoka, pikipiki inaweza kuchajiwa kwa njia nyingine?

STIMA: NAFUU INAYOKUJA KILA SIKU

Nafuu ya bandarini hupatikana mara moja. Nafuu ya stima hupatikana kila gari linapochajiwa, na kwa wengi ndiyo kubwa zaidi.

Mwaka 2023, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, iliweka bei maalum ya umeme wa kuchajia vyombo vya usafiri: Sh16 kwa uniti katika saa za kawaida na Sh8 katika saa ambazo matumizi ni madogo, hasa usiku, kwa wanaotumia hadi uniti 15,000 kwa mwezi. Juu ya bei hizo huongezwa tozo nyingine za bili ya stima. Bei hii haiji yenyewe. Mteja huomba Kenya Power mita ya kazi hiyo pekee. Anayechaji gari kwa mita ya nyumbani hulipa bei ya nyumbani.

Gari dogo la umeme hutumia takriban uniti 15 kwa kilomita 100. Likichajiwa kwa mita ya nyumbani, na ikikadiriwa Sh30 kwa uniti pamoja na tozo zote, safari ya kilomita 100 hugharimu Sh450. Gari dogo la petroli linalotumia lita 7 kwa umbali huo, petroli ikikadiriwa Sh180 kwa lita, hugharimu Sh1,260. Tofauti ni Sh810 kwa kila kilomita 100.

Sasa ichukuliwe kwamba gari la umeme limemzidi mwenzake wa petroli bei kwa Sh600,000. Mwalimu anayeendesha kilomita 12,000 kwa mwaka ataokoa Sh97,200 kwa mwaka. Itamchukua zaidi ya miaka sita kurudisha tofauti ile. Dereva wa teksi anayeendesha kilomita 40,000 kwa mwaka ataokoa Sh324,000, na ataimaliza tofauti hiyo kabla ya mwaka wa pili kwisha. Gari ni lile lile, ushuru ni ule ule, lakini hesabu mbili zimetoa majibu mawili. Gari la umeme humlipa anayeliendesha sana. Anayelitoa Jumapili kwenda kanisani na Jumamosi kwenda sokoni atangoja sana.

Hesabu hiyo inahitaji pia nyumba iliyo tayari. Soketi ya kawaida ya ukutani hutoa umeme usiozidi takriban kilowati 3, hivyo betri ya kilowati-saa 40 iliyokwisha kabisa huhitaji zaidi ya saa 13 kujaa. Nyaya za nyumba nyingi hazikuwekwa kwa mzigo huo mzito usiku kucha. Fundi wa umeme mwenye leseni akague nyaya kwanza. Gharama yake ni sehemu ya bei ya gari. Anayeishi katika nyumba ya kupanga apate ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi kabla, si baada, ya kununua. Plagi pia hutofautiana: magari kutoka Japani, China na Ulaya hutumia aina mbalimbali, na kituo cha kuchajia kilicho karibu huenda kisiwe na aina inayotakiwa.

BARABARA ZITAKARABATIWA NA NANI?

Kuna upande wa pili wa nafuu hii unaomhusu kila mkazi, hata asiye na gari. Kila lita ya petroli na dizeli ina tozo ya ukarabati wa barabara. Julai 2024 tozo hiyo ilipanda kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa lita. Gari la umeme haliilipi, kwa kuwa halinunui mafuta.

Gari dogo la petroli linalokwenda kilomita 12,000 kwa mwaka hutumia takriban lita 840. Hiyo ni Sh21,000 kwa mwaka kwa ajili ya barabara. Gari la umeme linalopita barabara hiyo hiyo, kwa umbali huo huo, halichangii kitu katika mfuko huo. Kwa sasa magari haya ni machache na pengo halionekani. Yatakapokuwa mengi, pengo hilo litajazwa na mtu: ama mwenye gari la umeme kwa tozo mpya, ama mwenye gari la petroli kwa tozo iliyopanda, ama mwanakijiji ambaye barabara yake haitachongwa.

Nchi nyingine zimeshafika hapo. Uingereza ilianza kuyatoza magari ya umeme kodi ya barabara ya kila mwaka kuanzia Aprili 2025, baada ya miaka mingi ya kuyasamehe. Kenya nayo imewahi kujaribu njia nyingine. Mswada wa 2024 ulipendekeza kodi ya kila mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari, na pendekezo hilo likaondolewa kabla ya mswada wenyewe kuanguka. Mnunuzi wa leo anayepanga kukaa na gari miaka kumi aache nafasi katika bajeti yake. Msamaha wa barabara si wa milele.

KAUNTI INAWEZA KUFANYA NINI?

Wakazi huuliza kwa nini serikali ya kaunti isiondoe VAT au ushuru wa forodha kwa watu wake. Jibu liko katika Katiba. Ibara ya 209 inaipa Serikali ya Kitaifa pekee mamlaka ya kutoza kodi ya mapato, VAT, ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa. Kaunti inaweza kutoza kodi ya ardhi na majengo, kodi ya burudani, na ada za huduma inazotoa. Ibara ya 210 inaongeza kwamba hakuna kodi wala ada ya leseni inayoweza kutozwa, kusamehewa au kubadilishwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Gavana hawezi kusimama jukwaani akafuta ada kwa tamko. Afisa wa kaunti naye hawezi kuifuta kwa hisani.

Hata hivyo kuna mambo yaliyo mikononi mwa kaunti. Ada za maegesho mijini ni za kaunti. Leseni za biashara za vituo vya kuchajia na kubadilishia betri ni za kaunti. Idhini ya michoro ya majengo, pamoja na sehemu za kuchajia katika majengo mapya, hupitia kaunti. Stendi za bodaboda na vituo vya matatu, ambako betri zinaweza kubadilishwa, hupangwa na kaunti. Ada hizi zote huwekwa katika Sheria ya Fedha ya Kaunti, na mswada wake huja mbele ya bunge la kaunti kila mwaka ndani ya siku 90 baada ya kupitishwa kwa mswada wa matumizi ya fedha.

Hapo kuna mizani ya kupima. Kila shilingi inayosamehewa kwenye maegesho ya gari la umeme ni shilingi inayopungua kwenye dawa za zahanati au taa za barabarani. Wakazi wanaotaka nafuu hiyo waitake wakijua inakotoka, na wanaoipinga waseme kwa sauti hiyo hiyo. Mswada utakapoletwa kwa maoni ya umma, mtu wa bodaboda na mwenye duka wana haki sawa ya kusimama na kusema.

KABLA YA KULIPA

Mnunuzi ajiulize mambo haya, na majibu yawe kwenye karatasi:

1. Gari ni la umeme pekee, au ni haibridi?
2. Kiwango cha ushuru wa forodha mwaka huu ni kipi, na thamani yake katika orodha ya KRA ni ngapi?
3. Bei ya muuzaji imejumuisha kodi zote tano? Kama ndiyo, nakala ya hati ya forodha iko wapi?
4. Uwezo wa betri umepimwa na nani, na umebaki asilimia ngapi?
5. Gari litachajiwa wapi kila usiku, na kwa mita ipi?
6. Kwa kilomita zinazoendeshwa kila mwaka, tofauti ya bei itarudi baada ya miaka mingapi?

Swali la tatu ndilo linalompa mnunuzi nafuu yake. Kama ushuru ulipunguzwa bandarini lakini bei ya yadi ni sawa na ya gari lililolipiwa ushuru kamili, basi nafuu imebaki mfukoni mwa muuzaji. Sheria haimlazimishi kuipitisha. Kinachomlazimisha ni mnunuzi anayejua hesabu na aliye tayari kwenda yadi ya pili.

Na mtu yeyote anayeomba "ada ya usajili" ili kumwandikisha mkazi kwenye ruzuku ya serikali ya gari la umeme asipewe hata shilingi. Ruzuku hiyo haipo, na nafuu iliyopo haiombwi kwa fomu. Aliyeombwa ada kama hiyo apige ripoti kwa chifu au kituo cha polisi kilicho karibu.

Mwisho ni kalenda. Mswada wa Fedha wa kitaifa huwasilishwa Bungeni kufikia tarehe 30 Aprili, Bunge hupokea maoni ya umma Mei, na sheria mpya huanza kutumika tarehe 1 Julai kwa sehemu kubwa. Anayeagiza gari Mei likafika bandarini Julai anaweza kukuta ushuru mwingine. Anayetaka nafuu ibaki, au iondolewe, ana mwezi mmoja tu wa kuliambia Bunge. Baada ya hapo hubaki kulipa.